Mshono wa Mwanakombo

Mwanakombo binti Fakihi alifikisha miaka hamsini na miwili hajaiona bahari, lakini mkono wake ulijulikana bandarini Mtwara kama unavyojulikana mhuri. Ilikuwaje? Nitawaeleza taratibu, maana tukiruka hapa, huko mbele hamtaona aliumia wapi.

Kazi yake ilikuwa kufunga midomo ya magunia katika ghala letu la korosho pale Newala. Wenzake watatu walikunja mdomo wa gunia na kupitisha uzi wa kwanza, upesi upesi, huku wakisimuliana habari za waume zao. Gunia likifika kwa Mwanakombo lilikuwa limebakiza mshono wa mwisho tu. Yeye alichukua shazia, ile sindano ndefu ya magunia, akaurudisha uzi nyuma mara mbili, akaupitisha chini ya kunjo, akautoa kwenye sikio la gunia na kuukaza kwa fundo dogo lililojificha ndani. Ukitaka kulifungua gunia lile, lazima uukate uzi. Na ukishaukata, huwezi kulifunga tena likawa kama alivyolifunga yeye. Mshono huo aliupata kwa bibi yake, aliyekuwa akishona magunia ya ufuta enzi zile maduka ya Masasi yakinunua ufuta na makopa ya muhogo.

Sasa mtaniuliza, mshono na bandari wapi na wapi? Korosho ya Newala haikai Newala. Mkulima wa kijiji cha Mnyambe anaipeleka kwenye chama chake, chama kinaipeleka ghalani, inapigwa mnada, kisha inapakiwa kwenye lori. Msimu ule barabara ya Tandahimba ilikuwa imechimbwachimbwa kwa matengenezo, kwa hiyo malori yalishuka mlima hadi Masasi, yakaingia lami, yakafuata njia ndefu hadi Mtwara. Huko korosho zinahamishiwa kwenye kontena, kontena linasubiri meli, na meli inazipeleka India au Vietinamu kwa wabanguaji. Safari nzima, kila anayepokea anamshuku aliyemkabidhi. Mkaguzi wa yadi ya kontena anataka ajue kama kilichotoka Newala ndicho kilichofika. Hivyo huchukua bambo, kile chuma chenye mfereji, akachoma gunia kikatoka na korosho chache, akazikata na kuzitazama. Kisha gunia jingine. Kisha jingine. Lori moja lina magunia zaidi ya mia tatu, malori yamejipanga barabarani tangu asubuhi, na meli haimsubiri mtu.

Mkaguzi wa yadi hiyo, mtu mrefu mwenye miwani aitwaye Hamudi, alikuwa amejitengenezea njia yake. Misimu saba hakuwahi kukuta kasoro ndani ya gunia lenye mshono ule. Basi lori la ghala letu likifika, alipitisha kidole kwenye masikio ya magunia, akihisi fundo liko mahali pake alichoma magunia kumi tu, akaliandikia lipite. Hakuna karatasi iliyosema afanye hivyo. Ilikuwa imani tu, ya mtu wa bandarini kwa mwanamke wa mlimani ambaye hajawahi kumwona. Na kwa imani hiyo malori ya Newala yalikuwa yakimaliza siku moja yadini, wakati ya wengine yalikaa siku nne.

Watu walijua. Madereva walimwita Mama Tahiri, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hawakukubali kuwasha gari mpaka wamuulize, "Umefunga mwenyewe, Mama Tahiri?" Naye hujibu, "Kwani kuna Mwanakombo wawili?"

Ilikuwa Jumanne, mwisho wa Novemba, alipomwona msimamizi wa ghala, Bwana Shamte, anakuja huku simu iko mkononi na uso umemshuka.

"Mama Tahiri, weka shazia chini."

"Kuna nini, Bwana Shamte? Nimebakiza ishirini hapa."

"Weka chini kwanza. Kuna lori letu limekamatwa yadini. Magunia arobaini yana korosho kuukuu, za msimu ule uliopita, nyeusi, zimeliwa na wadudu. Uzito uko sawasawa, idadi iko sawasawa. Mdomo umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

Shamte alitazama pembeni. "Na wewe."

Wale wenzake watatu walinyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ghala lile.

Dereva wa lori lenyewe alikuwa amezima simu na hajulikani aliko. Hamudi alikuwa ameagiza malori yote ya ghala letu yatolewe kwenye foleni na kuwekwa nyuma, na kila gunia lifunguliwe na kumwagwa chini. Malori tisa yalikuwa tayari Mtwara. Meli ilikuwa inafunga kupokea mzigo Jumamosi. Kumwaga na kupima na kushona upya malori tisa si kazi ya siku nne. Na korosho ikikaa nje mvua za kwanza zikaikuta, daraja lake linashuka pale pale, na mkulima wa Mnyambe aliyeianika kwa jua lote lile hatasikia habari ya foleni wala meli. Atauliza tu, nani alishona?

"Unaamini nimefanya mimi?" Mwanakombo aliuliza.

"Mimi naamini nini, mama? Hamudi ananiambia mshono ni ule ule. Ameutazama kwa miwani yake. Kaa nyumbani kidogo mpaka tujue."

"Sikai nyumbani. Nataka niyaone hayo magunia."

"Mtwara?"

"Kwani Mtwara ni Makka? Nani anashuka kesho?"

Aliyekuwa anashuka ni Zabroni, dereva kutoka Chidya, Mmakua mcheshi aliyezoea kuwatania Wamakonde kama Mwanakombo. Asubuhi Mwanakombo alipanda akakaa mbele, mkoba wake mapajani, ndani yake khanga moja na shazia yake.

"Shikamoo, Mama Tahiri."

"Marahaba, baba. Endesha polepole kwenye ule mteremko, sijaaga watu vizuri."

"Nyie watani zangu mna shida. Mababu zenu walikimbilia huko juu mlimani kwa woga, sasa kila mkitaka kushuka mnatetemeka."

"Na nyie mlibaki chini kwa uvivu wa kupanda. Tazama barabara."

Zabroni alicheka, akatazama barabara. Ndivyo alivyokuwa, hamwachi abiria wake akae na mawazo yake. Alimweleza habari za njia kana kwamba anampitisha nyumbani kwake. Walipofika Masasi na kuikuta lami, alimwonyesha malori makubwa yaliyofunikwa maturubai, yamejaa vumbi jeusi.

"Makaa ya mawe hayo, kutoka Ruvuma. Wote tunakwenda mlango mmoja. Wale wanaorudi huku wamebeba saruji, na kabla ya msimu wanabeba salfa yenu ya kupulizia mikorosho. Hakuna lori linalotaka kutembea tupu, Mama Tahiri. Meli inaleta, sisi tunapandisha. Sisi tunashusha, meli inachukua. Ikikwama Mtwara, Songea watajua, na Newala mtajua."

"Na mbona hapa mmesimama wengi hivi?"

"Yadi inatuita kwa namba. Ukienda kabla hujaitwa, wanakurudisha. Kwa hiyo tunangoja hapa Masasi, siku mbili, wakati mwingine tatu. Hapa ndipo tunapofua nguo zetu. Mimi leo mzigo wangu ni wa ghala jingine, na namba yangu imeshaitwa."

Palikuwa na uwanja mpana wa malori, na pembeni vibanda vya chakula. Mwanakombo alijua kibanda cha kwendea. Mama lishe wa tatu kutoka mwisho alikuwa Faidha, na Faidha alikuwa mwali wake.

Hapa nisimame kidogo, maana msomaji wa mbali huenda asijue uzito wa neno hilo. Binti akipelekwa unyago ndiye mwali, naye anawekewa mwanamke wa kumsimamia. Huyo ndiye somo yake. Anamfunza mambo ya utu uzima, na siku ya kutolewa nje anambeba mgongoni mbele ya watu wote, ngoma zikilia. Tangu siku hiyo wanaitana somo, mkubwa na mdogo, mpaka mmoja amzike mwenzake. Akijifungua, somo ndiye anayemwosha. Akigombana na mumewe, analia kwa somo. Na lolote lililo baina yao halipelekwi mbele ya wanaume. Halipelekwi kabisa. Mwanakombo alimbeba Faidha, binti wa Naima wa Mkunya, miaka kumi na minne iliyopita.

"Somo!" Faidha alipiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, somo yangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Hawajambo. Kaa, kaa hapa kivulini."

Alimletea ugali na kisamvu cha nazi, akamnawisha mikono. Alimmiminia maji kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimekauka, hakikunjiki. Kiliungua miaka ile alipokuwa akibangua korosho kwa moto kwenye debe, mafuta ya ganda yakalipuka. Aliuguzwa nyumbani kwa Mwanakombo miezi miwili. Naye, ili amsahaulishe maumivu, alimfundisha kushona magunia barazani. Hakumfundisha mtu mwingine yeyote. Macho ya Mwanakombo yalikuwa yameanza kuchoka, na alitaka siku moja awepo wa kumwachia.

"Unakwenda wapi, somo, na gari la mizigo?"

"Bandarini. Kuna magunia wanasema nimeshona mimi."

Faidha aliinua sufuria, akairudisha pale pale ilipokuwa. "Usiende, somo. Njia ndefu, utaumwa miguu bure. Yaache, wanaume wataelewana wenyewe."

"Wataelewana juu ya jina langu?"

"Wakikutoa kazini utakuja kukaa na mimi hapa. Nitakutunza."

Maneno matamu hayo, na Mwanakombo aliyapokea kwa utamu wake. Njiani kuelekea Mtwara alimwambia Zabroni, "Umemwona mwanangu yule? Ana moyo." Zabroni alisema kisamvu chake pia kina moyo.

Waliingia Mtwara alasiri. Bahari aliiona kwa mbali, kati ya kuta mbili za kontena, buluu kidogo kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, na hakuitazama mara ya pili. Alichotazama ni wingi. Kontena juu ya kontena, winchi inainua moja kama mtu anavyoinua kikapu, mlima wa makaa upande ule, na malori, malori, kila moja na dereva aliyekaa kivulini mwa gari lake. Malori tisa ya ghala letu aliyatambua kwa maturubai. Yalikuwa yamesukumwa ukingoni kabisa mwa yadi, kama watoto waliofukuzwa mezani.

Hamudi alikuja, akamtazama kwa muda kabla ya kusalimia.

"Kwa hiyo ndiwe. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

"Mimi nilikuwa nawaambia watu hapa, mshono huu ukiuona, pakia. Nilikuwa nakusifia, mama, bila kukujua sura. Wakubwa zangu wananiuliza sasa, huyo mwanamke ni nani yako?"

"Nionyeshe magunia, baba."

Magunia arobaini yalikuwa yamelazwa chini ya bati. Moja lilikuwa limepasuliwa tumbo, na korosho zilizomwagika zilikuwa za aibu, nyeusi na zenye unga. Lakini midomo ilikuwa bado imefungwa. Mwanakombo alichuchumaa. Uzi umerudi nyuma mara mbili. Umepita chini ya kunjo. Umetokea kwenye sikio. Hata yeye angeapa ni wake.

Akatoa shazia, akaukata uzi pembeni ya fundo, akaligeuza kwa ndani. Hapo akatulia.

Fundo lake yeye hukazwa kwa kidole gumba, unalisukuma ndani mpaka linalala. Mtu mwenye gumba lisilokunjika hawezi. Kwa hiyo barazani pale, miaka ile, akiona machozi ya mwali wake aliyeshindwa, alikaa akafikiri, akamtungia fundo jingine: uzi unazungushwa kwenye sikio mara mbili, kisha unavutwa kwa meno. Kwa nje huwezi kutofautisha. Kwa ndani linakaa kama konokono. Hakuna mtu duniani aliyefunga fundo lile ila mmoja, na aliyelitunga alilitunga kwa huruma.

Alifungua la pili. La tatu. Alifungua saba kabla Hamudi hajamshika bega.

"Mama, ni mshono wako au si wako?"

"Mshono ni wangu."

"Umeshona wewe?"

"Sikushona mimi."

"Basi nani?"

Mwanakombo alifumba mdomo. Zabroni, aliyekuwa amesimama nyuma, alisema, "Sema, Mama Tahiri. Unamjua, nakuona usoni." Wanaume wanne walikuwa wamemzunguka Mwanakombo, na lililokuwa mdomoni lilikuwa la mwali wake.

Hamudi alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya. "Sikiliza, mama. Magunia haya yalifunguliwa mahali, huko katikati ya njia. Nikijua wapi na nani, nitajua ni lori moja tu lililochezewa, na haya tisa nitayachoma kama kawaida, Jumamosi yatakuwa melini. Nisipojua, nitamwaga yote. Sina njia nyingine. Ukishanidanganya mara moja, mimi hapa nimekwisha."

"Nipe mpaka keshokutwa."

"Keshokutwa mchana. Si jioni."

Alhamisi alipanda basi la alfajiri, na jua lilipopanda alikuwa Masasi. Uwanja wa malori ulikuwa umejaa. Faidha alipomwona anakuja kwa miguu, peke yake, hakupiga magoti. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaingia nyuma ya kibanda, na Mwanakombo akamfuata.

"Nimeliona fundo," Mwanakombo alisema.



"Walinijia hapa, somo. Yule dereva na wenzake. Walikuwa na korosho kuukuu, wanataka kuchukua nzuri. Wakasema wamejaribu kushona wenyewe, hawawezi. Nikawaambia mimi naweza."

"Walikulazimisha?"

Faidha alifikiri. Angeweza kudanganya, na nadhani ingekuwa nafuu kwa wote. "Hawakunilazimisha. Waliniahidi kibanda cha bati, chenye friji. Nimechoka na moshi, somo."

"Hukuona jina langu liko pale? Kila gunia ulilofunga, ulikuwa unanifunga mimi."

"Niliona."

"Ukaona, ukaendelea?"

"Nilijua hutasema." Alisema polepole, kama mtoto anayejibu swali la shule. "Wao waliogopa, wakaniuliza, mwenye mshono akitambua je? Nikawaambia, hawezi kunisema, mimi ni mwali wake."

Jamani, kuna maneno mtu akiyasikia anakaa chini. Mwanakombo alikaa kwenye ndoo iliyoinamishwa. Korosho zimeibiwa, haya. Jina limechafuliwa, haya. Lakini kile alichokiona kitakatifu, kile ambacho kingemfanya afe bila kukitaja, ndicho huyu alichokipima na kukifanyia hesabu, akakiweka mezani mbele ya madereva kama dhamana.

"Njoo na mimi kwa Shamte," alisema mwishowe. "Useme mwenyewe kwa mdomo wako. Nitakaa karibu yako. Ukifungwa nitawalea watoto, nitakuletea chakula. Ukisema mwenyewe, bado ni somo yangu."

"Siendi."

"Faidha."

"Siendi, somo. Na wewe hutakwenda." Akatoka mbele kuwapakulia watu.

Mwanakombo hakwenda Newala moja kwa moja. Alishuka kwenye basi kijijini Mkunya, akatembea hadi nyumbani kwa Naima, mama yake Faidha. Naima alikuwa anaanika makopa. Alifurahi, akaita maji, akaita kiti.

"Sikai, Mama Faidha."

"Hukai? Maji basi."

"Sinywi pia."

Kwetu mgeni asiyekaa na asiyekunywa amekuja na jambo. Naima aliuweka ungo chini. Mwanakombo alitoa mkobani ile khanga moja aliyosafiri nayo, khanga ambayo Naima alimpa siku ya unyago, naye alikuwa akiivaa kwenye safari tu. Akaikunjua, akaikunja tena vizuri, akaiweka juu ya ungo.

"Ulinipa mwanao nikambeba. Leo nimekuja kukurudishia."

"Yarabi! Amefanya nini?"

"Hilo muulize yeye. Mimi leo bado nina siri yake. Kesho sitakuwa nayo, ndiyo maana nimekuja leo, nisije nikamsema nikiwa bado somo yake. Nimekupokeza mikononi mwako, wewe uliyemzaa. Umepokea?"

Naima alilia. Alimwomba amwite mjomba wa Faidha, wakae, wazungumze. Mwanakombo alisimama pale pale juani, miguu imevimba kwa safari, akauliza tena, "Umepokea, Mama Faidha?" Akauliza mara tatu. Mara ya tatu Naima aliichukua ile khanga, akaishika kifuani, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hakika simu ilipigwa mara tu alipotoka, kwa sababu Ijumaa asubuhi Mwanakombo alipofika getini mwa ghala, Faidha alikuwa ameshateremka kwenye pikipiki, amejaa vumbi la mlima mpaka kwenye kope.

"Somo! Shikamoo, somo. Ngoja. Mama amelia usiku kucha. Nisikilize."

Wapakiaji walikuwa wamesimama wanatazama. Wale wenzake watatu walikuwa mlangoni na mashazia yao. Shamte alitoka ofisini, kalamu sikioni.

"Utanisema mbele ya wanaume, somo? Wewe?"

"Somo yako nani?" Mwanakombo alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nimekubeba. Jana nimekushusha kwa mama yako, naye amekupokea. Sasa nipishe."

Faidha hakumpisha. Ilibidi amzunguke, mwanamke mzima na mwenzake, kama watu wanavyozunguka kisiki njiani. Akaingia ofisini, akakaa, akamweleza Shamte kila kitu: uwanja wa Masasi, dereva, wenzake, fundo la ndani linalokaa kama konokono. Alimtaja Faidha kwa jina lake na jina la baba yake. Mwishoni alipoulizwa, "Alijifunza wapi?" akajibu, "Barazani kwangu."

Shamte alimpigia Hamudi hapo hapo. Hamudi aliligeuza fundo la lori moja baada ya lingine, tisa yote, akakuta gumba la Mwanakombo katika kila moja. Mchana malori yalirudishwa kwenye foleni. Jumamosi korosho za Mnyambe na Mkunya zilikuwa ndani ya kontena, na kontena ndani ya meli. Polisi wa Masasi walimchukua Faidha kwa mahojiano, akawataja wanaume aliowafanyia kazi, akaachiwa kwa dhamana ya mjomba wake. Kesi bado inaitwa na kuahirishwa.

Mwanakombo alirudishwa kazini wiki hiyo hiyo, na Shamte alimwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo wasimamizi hawafanyi. Ila Hamudi alituma ujumbe, na Shamte alimsomea kwa shida. Ulisema kwamba yeye binafsi hana neno na Mama Tahiri, tena anamheshimu kuliko mwanzo. Lakini kuanzia sasa magunia ya ghala letu yatachomwa yote, kama ya wengine, na kila mdomo utatiwa lakiri ya plastiki yenye namba. Malori yetu nayo yakaanza kukaa siku nne.

"Si wewe, Mama Tahiri," Shamte alisema. "Ni utaratibu."

"Najua."

Desemba shule zikafungwa, na katika vijiji vya huku watu wakaanza kuandaa unyago. Siku moja wakati wa chakula cha mchana mwanamke mmoja wa Mnyambe, Zuhra, mkulima ambaye korosho zake zilikuwa kwenye moja ya yale malori tisa, alimfuata ghalani. Alikuja na kuku kwapani na maneno aliyoyapanga njiani.

"Mama Tahiri, kule kwetu wanasema, mwanamke aliyesimama vile, mtoto akipata mgongo wake amepata. Nina binti yangu wa mwisho. Tunaomba utubebee."

Wenzake walishangilia. Mmoja akapiga kigelegele kidogo, cha mdomo uliojaa muhogo. Mwanakombo alimshukuru Zuhra, akamuulizia binti, jina lake, anapenda nini, kama ni mkaidi. Zuhra alisema ni mkaidi kidogo lakini ana mikono myepesi, ukimwonyesha kitu mara moja ameshakijua.

Mwanakombo aliposikia hivyo alimrudishia kuku.

"Mgongo unaniuma," alisema.

"Tangu lini?"

"Juzijuzi hapa."

"Utapona, mama. Unyago ni wiki ijayo, tutakungoja."

"Mtafutieni mwingine, Zuhra."

Zuhra alitaka kubisha, akamtazama, akaacha. Alikaa naye kidogo kwa heshima, wakala muhogo bila maneno mengi, kisha akamchukua kuku wake akaondoka. Nje lori lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi, anataka awahi namba yake.